Fomu ya Bi Mwahija

Katarina alizihesabu zile fomu mbele ya Bwana Amiri mwenyewe, moja baada ya nyingine, kidole akikichovya kwenye sponji yenye maji, na wala hakuharakisha.

"Mama Joyce, hizo nimeshazihesabu ofisini," Amiri alisema huku akitazama saa yake.

"Ulihesabu kwa macho yako, bwana. Hapa dukani nahesabu kwa yangu."

Zikafika mia mbili na kumi na nne. Akazigongagonga mezani mpaka kingo zikakaa sawa, akaziweka kando ya kompyuta na kuzifunika kwa gazeti zisipate vumbi.

"Na majina mangapi?"

"Mia mbili na kumi na nne."

"Fomu za akiba?"

Amiri akakohoa kidogo. "Akiba hakuna. Zilizopo ndizo hizo."

Ofisi aliyotoka Amiri sitaitaja. Wenyewe wanajijua, nami bado napita mlangoni kwao. Itoshe kusema ilikuwa ofisi ya serikali pale Lindi mjini, yenye kompyuta tatu zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama redio ya bibi harusi, na ilikuwa imepewa kazi ya hati za mashamba za kijiji cha Mitole, kule Kilwa. Hati zenyewe zilitoka Dar es Salaam zikiwa zimeshachapwa: nembo ya taifa juu, namba nyekundu pembeni, na chini yake visanduku kumi na vinne vitupu. Kisanduku cha jina, cha ukubwa wa shamba, cha mpaka wa mashariki, cha mpaka wa magharibi, hadi cha shahidi wa mwisho. Majina na mipaka ya watu ilikuwa kwenye diski, imepangwa katika jedwali la kompyuta. Kazi ilikuwa kuyatoa maneno kule kwenye jedwali na kuyaangusha juu ya fomu, kila neno ndani ya kisanduku chake. Ukiisikia hivyo unaiona kazi ya nusu saa. Haya, jaribu wewe.

"Herufi ikigusa mstari tu, msajili anairudisha," Amiri alisema. "Hakuna kufuta, hakuna wino mweupe. Na Jumamosi mgeni rasmi yuko Mitole anazigawa. Leo Jumanne."

"Vijana wenu wa ofisini wameshindwa?"

"Hawakushindwa. Wamekosa nafasi."

Miaka tisa nyuma, siku Katarina alipopewa barua ya kupunguzwa kazini, alikuwa mpiga chapa wa ofisi hiyohiyo, na Amiri huyu ndiye aliyeshika upande mmoja wa mashine yake kuipeleka stoo. Alisema siku ile, tena akicheka, "Mama, mambo ya taptap yamekwisha." Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, magoti pamoja, mkoba mapajani.

"Ukiifanikisha hii, mama Joyce, viko vijiji kumi na kimoja vinafuata. Vyote vinakuja kwako. Ila ukiharibu, sina la kukutetea."

"Niliharibu lini?"

"Nasema tu."

"Basi usiseme tu," Katarina akamwambia, akamsukumia daftari asaini kwamba ameacha fomu. Amiri akasaini.

*

Nyumbani kwao Mitwero, mumewe Cletus alikuwa bandani anapiga pasi. Cletus alikuwa dobi. Suruali za walimu, kanzu za Ijumaa, magauni ya kwaya, yote yalipita mikononi mwake, na katika Lindi nzima hukumpata mtu wa kukwambia kwamba Cletus amemuunguzia nguo. Hilo alipenda kulisema yeye mwenyewe kwanza, kabla hujauliza.

"Kumi na kimoja?" aliuliza, pasi ya mkaa ikining'inia hewani. "Vijiji kumi na kimoja, na kila kijiji mia mbili?"

"Vingine mia tatu."

"Ee, mama Joyce!" Akaiweka pasi kwenye kigae chake. Akajifuta jasho kwa kiwiko. "Basi ile kompyuta yako inaacha kutula sasa, inaanza kutulisha."

"Ilikula nini chako?"

"Ilikula kiinua mgongo chako chote, nami nilinyamaza. Sikunyamaza?"

"Ulinyamaza kwa maneno. Kwa uso ulisema kila siku."

Cletus akacheka. Hakuwa mtu wa kubishana na ukweli. Kisha akawa na wasiwasi, maana ndivyo alivyokuwa, furaha yake haikumaliza dakika tano peke yake. "Na ukiharibu moja, je? Si amesema hakuna akiba?"

"Baba Joyce, nilikaa miaka kumi na minane kwenye mashine. Fomu za kodi, za mirathi, za wafungwa, nakala nne na kaboni katikati. Unajua niliharibu ngapi?"

"Ngapi?"

"Usiniulize ngapi, niulize kama niliharibu."

Ndivyo alivyoongea Katarina alipokuwa na furaha, na siku hiyo alikuwa nayo ya kutosha. Alijivunia mkono wake. Mimi simlaumu, wako watu wanaojivunia visivyo vyao.

*

Jumatano asubuhi alifungua duka mapema. Akachukua rula, akaipima fomu kwa milimita kuanzia ukingo wa juu: kisanduku cha jina kinaanza hapa, kinaishia pale. Akaandika kwenye daftari. Kisha akaingia kwenye jedwali, akapanua safu hii, akapunguza ile, akaongeza mistari mitupu, mpaka kila kisanduku cha kwenye karatasi kikawa na mwenzake kwenye kioo cha kompyuta.

Orodha ilimpendeza. Aliyeiandika kijijini hakuogopa maneno. Penye mpaka wa kaskazini palikuwa na "mkorosho uliopigwa radi", penye kusini "korongo la nyani", na mwingine aliandikiwa "shamba la Sada, yule wa kwanza, si yule wa pili". Visanduku vilikuwa vyembamba. Mtu mwingine angekata maneno yaingie. Katarina akapunguza ukubwa wa herufi badala yake. Shamba ni la mtu, na mpaka aliutaja yeye kwa mdomo wake, unamkatiaje?

Ikafika saa ya kujaribu. Hapo sasa ndipo lilipotokea lililotokea.

Zamani, kwenye mashine ya chapa, njia ya kujaribu ilikuwa moja: unapiga maneno kwenye karatasi tupu, unaiweka nyuma ya fomu halisi, unazishika zote mbili dhidi ya kioo cha dirisha, na mwanga wa jua unakuonyesha kila herufi ilipokaa. Inachosha shingo, lakini haidanganyi. Ila sasa Katarina alikuwa na mashine ya fotokopi. Mpya, ina miezi mitatu, mashine kubwa kuliko zote pale mtaani, na watu walikuwa wakiingia dukani kuitazama tu. Akaona kwa nini apinde shingo? Akatoa fotokopi kumi za fomu tupu, akazilisha kwenye printa yake ya sindano, ile inayolia kama cherehani, akachapa juu yake. Akarekebisha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya sita. Ya saba ikatoka safi. Kila neno lilikuwa ndani ya kisanduku chake. Akaisimamisha mezani, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Akatabasamu peke yake.

Akachukua fomu halisi ya kwanza, yenye namba nyekundu inayoishia na saba. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Mwahija Dadi. Akailaza kwenye kona ya printa, akabonyeza.

Jina likaingia vizuri. Ukubwa wa shamba ukaingia vizuri. Mpaka wa mashariki ukasogea karibu na mstari wake wa chini. Wa magharibi ukaukaribia zaidi. Kufikia kusini, herufi zilikuwa zimepanda juu ya mstari, na mashahidi wote watatu walikuwa wameandikwa juu ya mistari kama ndege kwenye waya.

Katarina hakupiga kelele. Alichukua fotokopi yake moja, akaiweka juu ya fomu halisi, akazishika dirishani. Ukingo wa juu ulilingana. Chini, fotokopi ilikuwa ndefu kwa milimita tatu. Mashine ya fotokopi hukuza kidogo. Si kosa lake, ndivyo zilivyo zote. Na kila mpiga chapa anayejua kazi anajua hilo, na Katarina alilijua kabla mashine hiyo haijaundwa. Alilijua, akalisahau kwa sababu ya kujiona.

Akakaa kwenye kiti. Fomu mia mbili na kumi na tatu, watu mia mbili na kumi na wanne. Mtu mmoja Jumamosi angeitwa mbele ya kijiji kizima na kukuta mkono mtupu, na mtu huyo alikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa pale mezani, limekaa vizuri kabisa ndani ya kisanduku chake cha kwanza. Aliona haya, wallahi, haya ya kweli, ijapokuwa dukani hakuwamo mtu.

Alipopata nguvu alifanya kama alivyofundishwa zamani. Karatasi tupu, dirisha, shingo. Akapima upya jedwali lote kwa fomu yenyewe. Akabandika kipande cha boksi la kiberiti kwenye printa ili kila fomu isimame palepale. Akalisha ya pili, kwa jina la pili. Ikatoka safi. Ya tatu, safi. Akachapa siku nzima na kesho yake asubuhi, akiiangalia kila moja dirishani kabla ya kuigusa nyingine, na zote mia mbili na kumi na tatu hazikuwa na herufi hata moja iliyogusa mstari.

Wala hakufurahi.

*

Alhamisi mchana alimkuta Amiri ofisini anakula korosho kwenye gazeti. Akaiweka fomu iliyoharibika mbele yake.

"Hii nimeiharibu mimi. Nyingine zote ziko tayari."

Amiri aliitazama, kisha akapeleka macho mlangoni kuona kama umefungwa. Hakukasirika kama Katarina alivyotegemea. Alionekana kama mtu aliyepata nafuu.

"Moja tu? Sasa unaogopa nini?" Akaisoma. "Mwahija Dadi. Namkumbuka huyu, tulipopima mashamba. Bibi kizee, mjane, hana mtoto mjini. Hajui kusoma. Jumamosi tunampa bahasha, anapigwa picha na mgeni rasmi, anarudi kwake. Fomu nyingine zikija, mwakani huko, tunambadilishia."

"Ndani ya bahasha kuna nini?"

"Mama Joyce, si hii hii?"

"Hii ni batili. Umesema mwenyewe."

"Atajuaje?"

Katarina alihisi uso unamwaka. "Atajua siku mtu atakapotaka kumnyang'anya shamba, akaitoa, akaambiwa hii karatasi ni ya kufungia vitumbua. Siku hiyo ndiyo atajua. Mimi sitachapa uongo, Bwana Amiri."

"Basi fomu nyingine utaitoa wapi? Utaizaa?"

"Niulize mimi swali kwanza. Fomu ulizoniletea zinaanzia namba saba. Sita za kwanza ziko wapi?"

Amiri akaacha kutafuna.

"Ziliharibika," akasema taratibu.

"Naomba nizione."

"Hazina maana."

"Naomba nizione, bwana."

Akafungua droo ya chini kwa ufunguo. Zilikuwa chini ya kalenda ya zamani. Nne zilikuwa zimechapwa ovyo, jina kwenye kisanduku cha ekari, ekari kwenye nembo ya taifa. Ya tano ilikuwa imechanika. Ya sita, yenye namba inayoishia na nne, haikuwa na wino wowote. Katarina akaiinua kwenye mwanga. Utepe wa wino ulikuwa umechomoka printa ilipopiga, sindano zikagonga karatasi kavu. Fomu ilikuwa nyeupe, lakini imejaa vijishimo vidogo safu kwa safu, kama ngozi iliyotoka vipele.

"Nitaichukua hii," akasema. "Na tunaandika kwenye daftari la fomu. Namba nne amepewa Mwahija Dadi. Namba saba imeharibiwa na mimi, Katarina Eusebio, kwa kosa langu, nitasaini. Hizo tano nyingine utaziandika wewe."

"Ukiandika namba nne, mkubwa ataniuliza tatu na mbili na moja."

"Atakuuliza."

Amiri akasimama. Alikuwa mtu mnene na alisimama kwa shida. "Sikiliza, mama. Daftari hilo likiandikwa hivyo, vile vijiji kumi na kimoja visahau. Nakuapia. Nitavipeleka Mtwara, nitavipeleka hata Songea, lakini kwako havifiki."

Tusimfanye Katarina malaika. Aliwaza ada ya Joyce chuoni, aliwaza bati la jikoni linalovuja, aliwaza uso wa Cletus. Vijiji kumi na kimoja si maneno ya mchezo. Alisimama pale na fomu mkononi muda wa kutosha mpaka Amiri akaanza kutabasamu.

"Nipe daftari," Katarina akasema.

Akaandika mstari wake kwa mkono uleule wa kazi, herufi zimesimama. Akasaini jina zima. Akamsogezea Amiri kalamu, na Amiri, kwa kuwa namba nne ilishaandikwa na haifutiki, akaandika zake tano, moja baada ya nyingine, kalamu ikikwaruza.

*

"Kwa bibi mmoja!" Cletus alipiga kelele mpaka majirani wakatazama. "Bibi mmoja usiyemjua, hujawahi kula kwake hata ugali, umeniuzia vijiji kumi na kimoja!"

"Sikuuza. Nimevikosa."

"Tofauti yake nini?"

"Kuuza ningepata kitu."

Cletus akaizunguka meza yake ya pasi mara mbili. Alikuwa na hasira ya kweli, na ilikuwa haki yake, kwa maana usiku uliopita alikuwa ameshaezeka jiko lote kwa mawazo. Katarina alitandika kanga safi kwenye kona ya meza, akailaza juu yake ile fomu ya vijishimo, na kusubiri. Alimjua mume wake.

Cletus akapita mara ya tatu. Akaitupia jicho. Akapita. Akarudi.

"Hii nini?"

"Ndiyo fomu yenyewe. Nataka vijishimo vitoke, karatasi ibaki nyeupe. Lakini najua pasi haiwezi. Nilikuwa naiangalia tu."

"Nani kakwambia pasi haiwezi?" Akainama. Akapitisha ncha ya kidole nyuma ya karatasi, kule vijishimo vilikotokeza kama upele. "Hapa si pa kupiga mbele. Mtu mjinga atapiga mbele. Hapa ni nyuma, na kitambaa cha bafta chenye unyevu, na pasi iliyokwisha ukali." Akamtazama mkewe kwa pembe ya jicho. "Umeniweza."

"Sijasema kitu, baba Joyce."

"Umeniweza, nyamaza."

Akamwaga mkaa wote, akaweka mpya, akausubiri uwake na kisha ufifie. Akaipangusa pasi chini kwa jani la mgomba, akaipangusa tena kwa kitambaa, kwa kuwa chembe moja ya majivu ingetosha kumaliza kila kitu. Akajaribu kwenye karatasi ya daftari. Ikageuka hudhurungi. Akasubiri. Akajaribu nyingine, ikabaki nyeupe. Akanyunyiza bafta maji kwa vidole, akaikamua, akailaza juu ya mgongo wa fomu. Hapo mkono wake ukasita. Mtu aliyepiga pasi gauni la harusi la binti wa mkuu wa wilaya bila kupepesa, leo jasho lilimchuruzika puani kwa kipande cha karatasi.

"Ikiungua, je?"

"Ikiungua tumeiunguza wawili," Katarina alisema.

Akaishusha. Hakuisukuma kama nguo, aliiweka na kuiinua, akaiweka na kuiinua, akisogea kidole kimoja kila mara, kutoka ukingo mpaka ukingo. Mvuke mdogo ukapanda. Alipoondoa bafta, Katarina akaibeba fomu kwa viganja viwili mpaka penye jua. Akaigeuza huku na huku. Vijishimo viliisha. Ukiwa unavijua unaweza kuhisi kitu kwa kidole, mstari mmoja au miwili, lakini jicho halikuona chochote.

"Katika Lindi nzima," Cletus alianza.

"Ndiyo, hakuna," Katarina akamalizia, na akamshika mkono uliokuwa bado una joto la pasi.

*

Ijumaa asubuhi aliiweka fomu dirishani na karatasi yake ya kupimia nyuma yake. Juu palilingana, chini hapakulingana. Safari hii maneno yalikuwa yanashuka mno, kwa unene wa ukucha. Pasi ilikuwa imekausha karatasi ikasinyaa, kama sufu iliyofuliwa vibaya.

Mara hii hakuwa na haraka. Angeweza kurekebisha jedwali upya kwa fomu hiyo moja, lakini angerekebisha kwa kipimo gani, na karatasi bado inabadilika? Alifungua madirisha yote mawili yanayotazama bahari, akailaza fomu mezani, akaikandamiza kwa vitabu kingo tu ili upepo upite. Hewa ya Lindi ina unyevu wa kutosha kuotesha kutu kwenye kijiko. Wacha ifanye kazi yake. Kila nusu saa aliirudisha dirishani. Saa sita bado. Saa nane ukucha ulikuwa nusu. Wateja wakaja na fotokopi zao, akawaambia warudi baadaye. Saa kumi kasoro, fomu na karatasi zililingana juu na chini.

Akasali Baba Yetu mpaka nusu, akaiacha hapohapo, akalisha.

Printa ikalia. Mwahija Dadi. Ekari nne na robo. Mashariki, kisima cha marehemu Abdala. Magharibi, njia ya kwenda shuleni. Kaskazini, kusini. Shahidi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna herufi iliyogusa kitu. Katarina akaketi sakafuni, miguu mbele kama mtoto, akalia kidogo, kisha akainuka na kuwaita wale wa fotokopi.

*

Jumamosi gari la ofisi liliondoka alfajiri. Walimhitaji Katarina kwa kuwa yeye ndiye aliyejua mpangilio wa fomu, na Cletus akasema haachi mke wake asafiri na gari la serikali peke yake, akapanda bila kuulizwa, shati lake limenyooka kama ubao. Amiri alikaa mbele.

Kijiji kizima kilikuwa uwanjani pa shule. Viti, turubai, kipaza sauti kinachopiga mluzi. Mgeni rasmi alizungumza sana. Akashika fomu moja, akaiinua watu waone, akasema, "Tazameni usafi wa kazi hii! Nimeona hati za mikoa mingine, maneno yanatembea nje ya mistari. Hizi hapana. Nawapongeza vijana wetu wa ofisi kwa utaalamu huu mkubwa wa kompyuta!" Watu wakapiga makofi. Amiri akainuka, akainama, akakaa.

Katarina alikuwa amesimama nyuma ya meza na rundo la fomu mikononi. Jambo hilo lilimuuma, lakini alikuwa amezoea kuumwa na ofisi ile, na kazi ilikuwa mbele yake.

"Mwahija Dadi," akaita.

Akaja bibi mfupi, mkavu, kanga mbili mpya, fimbo. Katarina akampa shikamoo, naye akaitikia marahaba, akaipokea fomu kutoka kwa mgeni rasmi, akapigwa picha. Wengine wote wangeondoka. Yeye hakuondoka. Aliitandaza palepale juu ya meza na kumwita Katarina kwa kidole.

"Mwanangu, mimi sisomi. Nionyeshe jina langu."

Katarina akamwonyesha. Bibi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Akalizunguka jina kwa kidole chake, ndani ya mistari ya kisanduku, polepole, pande zote nne, bila kuligusa.

"Halikugusa ukuta," akasema. Kipaza sauti kilikuwa karibu, uwanja mzima ukasikia. "Tazameni. Wamelijengea nyumba jina langu, na wakaliachia uwanja wa kutosha, mbele na nyuma. Hata nyumba yangu mwenyewe haina uwanja kama huu." Akamgeukia mgeni rasmi. "Nani fundi wa hii?"

Mgeni rasmi akamtazama Amiri. Amiri akatazama viatu vyake.

Basi kule nyuma, kati ya wageni, akasimama mtu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kufungua mdomo mkutanoni, si kanisani wala kwenye kikao cha shule. Shingo ilikuwa imemtoka mishipa.

"Ni mke wangu!" Cletus alipaza sauti. "Anaitwa Katarina Eusebio, yule pale! Zote mia mbili na kumi na nne kachapa yeye! Na hiyo yako, bibi," akavuta pumzi, "hiyo yako nimepiga pasi mimi."

Watu wakacheka, kwa kuwa hawakuelewa pasi imeingiaje. Bi Mwahija hakucheka. Aliikunjua kanga yake moja, akaiviringisha hati ndani taratibu isipate mkunjo, akaiweka kifuani. Kisha akampa Katarina mkono, mikono yote miwili, kama anavyosalimiwa mtu mzima wa kijiji.